Serikali Imekubali Kwamba Bibi Yuko Hai

BIBI YANGU YUKO HAI! Imeandikwa, imegongwa muhuri, imepigwa picha, na karatasi ninayo hapa. Tarehe ishirini na tisa, saa tano kasorobo asubuhi, serikali ilikubali rasmi kwamba Pankajakshi, mjane wa Raghavan, miaka sabini na nne, mkazi wa Kilikollur, bado anapumua.

Najua majirani mnaosoma hii mnacheka. Mtasema, mbona juzi tu tulimwona sokoni anamfunua samaki mashavu mbele ya muuzaji na kumwambia, huyu kafa tangu Jumatatu. Ndiyo, alikuwa yeye. Lakini kuonekana na watu si kitu siku hizi. Lazima kompyuta ikuone. Na kompyuta ilikataa kumwona bibi mwezi mzima. Mimi nilikuwepo karibu kila siku, kwa hiyo nawaeleza yote, na nikichemka katikati mnisamehe.

Iko hivi. Wazee wanaopata pensheni, kila mwaka lazima wathibitishwe kwamba hawajafa, maana kuna watu walikuwa wanakula pensheni za marehemu. Hilo naelewa. Zamani diwani wetu, Prasannan, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, anamwona bibi, wanataniana, anasaini, anaondoka na ndizi mkononi. Mwaka huu wakasema saini ya mtu haiaminiki. Kinachoaminika ni kidole. Uende kituo cha kompyuta, uweke kidole kwenye kimashine chenye taa nyekundu, kikutambue, urudi kwako. Mwisho tarehe thelathini. Asiyethibitishwa jina linafutwa, na kulirudisha ni kuanza upya kama vile hujawahi kufanya kazi maishani.

Pensheni yenyewe si ya kumtajirisha mtu. Ni tambuu, dawa ya presha, nauli, na kitu kidogo cha kutupa sisi wajukuu sikukuu ya Onam. Baba yangu, Shibu, yuko Sharjah mwaka wa kumi na tisa sasa, anafunga viyoyozi. Alipopiga simu ya video Ijumaa na kusikia habari ya foleni, alicheka.

"Mama, achana nayo hiyo. Mimi nitakutumia mara mbili yake."

Bibi akaisogeza simu karibu mpaka baba akawa anaona pua tupu. "Shibu, ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupa hela ya peremende?"

"Ulikuwa unanipa."

"Bure bure tu?"

"Mpaka nilie."

"Sasa unataka na mimi nilie."

"Sijasema hivyo, mama."

"Tangu nina miaka kumi na moja sijawahi kumwomba mtu hela ya tambuu. Baba yako sikumwomba. Wewe ndiyo nianze kukuomba?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Asingekufa njaa, hilo kila mtu alijua. Ila hiyo ni hela yake yeye, inatoka kwenye mikono yake, na ikikatika ndiyo basi, atakuwa mtu wa kupewa. Kwa bibi yangu, mtu wa kupewa na mtu aliyekufa wanakaa nyumba moja.

Siku ya kwanza tukaenda. Aliamka mapema, akaoga, akafunga kiunoni lungi nyeupe, akavaa blauzi ya pasi, akatupia taulo begani. Nikamkuta jikoni amechuchumaa, anajipaka mikononi mafuta ya nyonyo na majivu ya kuni, kidole kimoja kimoja, anafikicha mpaka katikati ya vidole.

"Bibi, unafanya nini?"

"Si umesema wanataka mikono? Mikono haiendi kazini hivi hivi."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona uso wake uko siriasi. Miaka thelathini na minane hivyo ndivyo alivyojiandaa kila asubuhi. Tukapanda bajaji, tukaenda na majivu yetu.

Kituoni yuko dada mmoja anaitwa Remya, mwema lakini amechoka. Alipoona ile mikono akatoa kitambaa, akaifuta, akampeleka bombani kwa sabuni. Akaweka kidole gumba cha kulia. Taa nyekundu, mlio mbaya. Gumba la kushoto, mlio mbaya. Vidole vyote kumi, kimoja kimoja, halafu kumi tena. Foleni nyuma inaguna.

"Mama, vidole vyako havina mistari," Remya akasema.

"Mistari imekwenda wapi?"

"Mimi sijui, mama. Mashine inaona kama umeweka kijiko."

"Wewe hujui. Mimi najua."

Na kweli anajua. Bibi aliingia kiwanda cha korosho akiwa na miaka kumi na moja. Mkaguzi akija, watoto walikuwa wanafunikwa na makapu mpaka apite, na bibi anasema mara moja alisinzia chini ya kapu, wakamsahau, akaamka wenzake wanakula. Alipofikisha kumi na tano akahamishiwa kitengo cha kubangua. Unakaa chini kwenye sakafu, nyundo ya mti mkono mmoja, korosho iliyochomwa mkono mwingine, gonga, fungua, chomoa punje nzima. Ikivunjika unakatwa ujira. Ganda lile lina mafuta yanayounguza kama tindikali, yanakula ngozi. Majivu yanapunguza kidogo, hayazuii. Vidole vinakuwa vyeusi, vinababuka, vinaota ngozi mpya, inababuka tena. Fanya hivyo miaka thelathini na minane halafu mtu akuulize mistari iko wapi.

Korosho zenyewe zilikuwa zinakuja na meli kutoka ng'ambo. Bibi hasomi vizuri, ila maandishi ya magunia anayajua kwa sura, kama unavyojua nyuso za watu. Anasema magunia ya Mtwara yalikuwa na korosho nene, ganda halisumbui, na wanawake walikuwa wanagombea kukaa karibu nayo. Ya bandari nyingine, sizitaji nisije nikagombana na watu, anasema zilikuwa korosho za mkosi.

Halafu nchi nyingine zikanunua mashine zinazobangua mchana kutwa bila kukohoa wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Tajiri wa kiwanda akapiga mahesabu, akafunga. Wanawake mia nne na zaidi, siku moja. Leo pale ni ukumbi wa harusi, una feni kubwa na mataa. Mwaka jana tulialikwa, na bibi alisimama katikati ya viti vya mstari wa tatu akakataa kukaa. "Mimi nilikuwa nakaa hapa hapa," akasema, "na kiti sikuwa nacho." Watu wakadhani anatafuta maneno. Alikuwa anasema kweli tu.

Basi, turudi kwenye mashine. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta namna ya kurudisha alama za vidole, nikapata video kama hamsini. Moja ilisema maji ya uvuguvugu. Nyingine limao. Nyingine mafuta ya nazi, halafu ulale na soksi mikononi. Bibi alikubali maji, akakubali mafuta ya nazi, kwenye soksi akanitazama.

"Nitatafunaje tambuu na soksi?"

"Utalala tu nazo, bibi."

"Nikifa nazo, watu watasema nilikuwa mwizi."

Mara ya pili tukafika saa mbili asubuhi na mvua. Mtandao hakuna. Remya anasema dakika kumi, dakika kumi, mpaka saa kumi jioni. Benchi zima wazee, miavuli inadondosha maji, kila mmoja kashika kitambulisho kwenye mfuko wa nailoni kama kashika yai. Mzee mmoja alikuwa na mfuko wa mkojo chini ya lungi, ametoka hospitali asubuhi hiyo kuja kuonyesha hajafa. Hakuna aliyempisha mbele kwa sababu hakuna mbele ya kwenda.

Hapo tulikaa na Chellamma, rafiki wa bibi tangu kiwandani. Yeye alithibitishwa siku ya kwanza, kidole kimoja tu, taa ya kijani. Alikuja kumsindikiza bibi, au tuseme alikuja kumringia.

"Mimi yangu ilikubali mara moja," Chellamma akasema, ameinua gumba kama bendera.

"Ikatae nini? Wewe ulikuwa kitengo cha kumenya. Umekaa kivulini na kakisu kadogo unamenya ngozi ya ndani kama unamenya karanga. Una vidole vya mtoto mchanga."

"Wivu huo, Pankajakshi."

"Kama ni wivu, nikopeshe kidole."

"Nikikupa, nitajichokonoa na nini masikio?"

Walicheka mpaka Chellamma akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa ya ukutani na kuhesabu siku zilizobaki. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa bibi yupo, kakaa, kalowa, anaonekana na kila mtu, na lake bado halipo. Hiyo ni methali gani?

Mara ya tatu Remya akaleta kamera ya jicho. Kama kidole hakisomi, mboni inasoma. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, amepangiwa upasuaji mwezi wa pili mwakani. Kamera ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba hakuna jicho. Hakuna jicho, na bibi anaitazama.

"Kwanza sina vidole, sasa sina macho," bibi akasema. "Kesho wataniambia sina mdomo, Shibu afurahi."

Ikabaki njia moja. Kompyuta inatuma tarakimu sita kwenye namba ya simu iliyoandikwa kwenye kitambulisho, unazisoma, imekwisha. Nikaruka kwa furaha, simu ndiyo kazi yangu. Remya akabonyeza. Tukasubiri. Simu ya bibi kimya. Remya akatazama namba, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa laini ya zamani ya baba ya huku nyumbani, aliyoiacha miaka sita iliyopita alipohamia kazi nyingine. Hatukujua kwamba laini ukiiacha, mtu mwingine anauziwa.

Nikaipiga. Akapokea mwanaume, anaongea lugha yetu lakini kwa lafudhi ya mbali.

"Kaka, samahani, umepata ujumbe sasa hivi wenye tarakimu sita?"

"Nimepata."

"Naomba unisomee, tafadhali. Ni za bibi yangu."

Akacheka taratibu. "Dada, wewe wa tatu wiki hii. Wa kwanza alisema nimeshinda gari."

"Mimi si tapeli, kaka. Ni pensheni ya bibi."

"Wa pili naye alikuwa na bibi. Wake alikuwa amelazwa."

Kila shule tumefundishwa, usimpe mtu tarakimu zako, na huyu kaka wa watu alikuwa amefundishika vizuri kuliko wote. Remya ananionyesha saa, tarakimu zinaishi dakika kumi tu. Bibi akaninyang'anya simu.

Sasa nyie mnajua wazee wetu. Huwezi kumwomba mtu kitu kabla hujamjulia hali. Hata nyumba ikiwaka moto, kwanza unauliza wa jirani hawajambo.

"Mwanangu, umekula?" bibi akaanza.

"Bado, mama."

"Mpaka saa hizi? Unafanya kazi gani?"

"Nakaanga chapati hotelini, mama. Perumbavoor."

"Unakaanga chapati na hujala. Jina lako nani?"

"Rafikul."

"Kwenu wapi?"

"Mbali, mama. Bengali, Murshidabad."

"Mama yako yuko?"

"Yuko."

"Unampigia?"

"Jumapili."

"Mpigie na katikati ya wiki. Jumapili peke yake ni mbali."

Mimi najipitishia kidole shingoni, yaani kata maneno, bibi, tarakimu, tarakimu. Ananipungia mkono ninyamaze. Akamuuliza ana wadogo wangapi. Akamuuliza kama chumba kinavuja. Mpaka anafika kwenye pensheni, Rafikul alikuwa amelainika kabisa, sauti imebadilika.

"Basi mama, andika," akasema, na akasoma zote sita, taratibu, mara mbili.

Remya akaandika. Kompyuta ikasema muda umepita.

Akabonyeza atume nyingine. Kompyuta ikasema mpaka kesho. Kesho yake tukatuma, simu ya Rafikul imezimwa, kumbe akiwa kwenye jiko anaizima na kuiacha chumbani. Zikafa na hizo. Na ukishakosa mara mbili, mfumo unajifunga siku thelathini. Zilikuwa zimebaki siku sita.

"Sawa," nikamwambia Remya, "tubadilishe namba ya simu, tuweke yangu."

"Inawezekana," akasema.

"Tunafanyaje?"

Hakutaka kuniangalia. "Mama anaweka kidole."

Nilitoka nje, nikasimama mvuani. Nilitamani kuipiga ile mashine teke, na ningeipiga, ila Remya ndiye angeilipa. Bibi alitoka polepole, akafungua mwavuli, akasema, "Twende nyumbani, muhogo uko jikoni." Njia nzima hakusema lingine, na mtu anayemjua bibi yangu anajua kwamba akinyamaza ndiyo hali mbaya.

Kuna jambo zuri moja ndani ya hii balaa na lazima nilitaje. Rafikul anampigia bibi mpaka leo, kila Jumatano, baada ya kumpigia mama yake. Wanaongelea samaki.

Diwani Prasannan ndiye aliyekuja na dawa. Alikaa kwenye ngazi za barazani na mama yangu, Sheeja, akashusha sauti kama anauza magendo.

"Kuna fomu ya wagonjwa wasioweza kunyanyuka kitandani. Hao hawaendi kituoni. Afisa wa halmashauri anakuja nyumbani, anamwona kwa macho, anajaza, kwisha."

"Lakini mama si mgonjwa," mama akasema.

"Sheeja, nakujua wewe, na mama namjua. Alale tu nusu saa."

Bibi alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Prasannan, mimi nimekuona unatambaa na pua inatiririka. Leo unanifundisha kulala?"

"Mama, nusu saa tu."

"Sijawahi kulala mchana tangu nizaliwe. Nilipojifungua Shibu, siku ya tatu nilikuwa nachota maji."

"Tunajua, mama."

"Kwa hiyo nikitembea mpaka kwenye mashine, mimi ni maiti. Nikijilaza kama maiti, ndiyo niko hai."

Diwani akakuna kichwa. "Ukiiweka hivyo, ndiyo."

Bibi alikataa siku mbili. Hakula vizuri. Alikwenda kituoni peke yake mara ya mwisho tarehe ishirini na saba, hakutuambia, akaweka vidole vyote kumi, akarudi. Tulijua kwa sababu Remya alimpigia mama simu, analia. Jioni ile bibi alikaa mbele ya mama, akasema neno moja, "Haya," akaingia ndani kutafuta shuka ya zamani.

Tarehe ishirini na tisa tukamlaza. Mama akapanga vichupa vya dawa mezani. Mimi nikamfunika mpaka kidevuni, na Chellamma, aliyejialika mwenyewe, akakaa pembeni akipepea, uso kama yuko matangani. Bibi anatazama dari.

"Umelala vibaya," Chellamma akamnong'oneza. "Mgonjwa hakazi miguu hivyo."

"Wewe umekuwa mgonjwa lini ukajua?"

"Legea."

"Nikilegea nitakupiga."

Afisa akaja na diwani. Anaitwa Jayaprakash, kijana mnene mpole, shati limelowa mabegani, faili ndani ya nailoni. Akavua viatu, akaingia, akasalimia, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda, akaanza kujaza. Jina. Umri. Nyumba namba ngapi. Mama akaenda jikoni kuchemsha chai.

Na hapa ndipo tulipokosea wote, kwa sababu tulipanga dawa, tukapanga shuka, tukasahau kupanga chai. Mgeni yuko ndani ya nyumba ya Pankajakshi, amelowa, anaandika na koo kavu. Bibi alianza kuhangaika. Alisikia sufuria. Alisikia maji yanamiminwa, na akajua kwa mlio kwamba ni mengi. Alisikia kopo la sukari, hakusikia tangawizi ikitwangwa. Nikaona vidole vya mguu vinacheza chini ya shuka.

"Sheeja," akaita, kwa sauti ya mgonjwa. "Tangawizi."

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Iko nyuma ya kopo la chumvi."

"Siioni, mama."

Chellamma akamkandamiza bega. Haikusaidia. Bibi alitupa shuka, akashuka kitandani, akapita mbele ya afisa akisema "samahani kidogo, mwanangu," akaenda jikoni. Tukasikia kinu. Tukasikia anamwambia mama, "Hii ni chai au ni maji ya kuoshea masufuria?" Dakika tano baadaye akarudi na glasi mbili za chai moto, chipsi za ndizi kwenye sahani, akamwekea afisa mbele, na akabaki amesimama amejishika kiuno, kusubiri aonje.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuiona ikitimia haraka vile.

Afisa alikunywa kwanza. Halafu akamgeukia diwani. "Huyu ndiye asiyeweza kunyanyuka?"

Diwani alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana. Mama alikuwa amejiziba mdomo na ncha ya sari. Bibi ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, mimi natembea. Natembea kuliko wewe. Hawa wamenilaza kwa sababu mashine yenu hainitaki." Akanyoosha mikono yote miwili juu ya faili lake, viganja juu. "Tazama mwenyewe. Hii mikono ni ya mtu aliyekufa?"

Jayaprakash aliitazama. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Akapumua tu, akageuza fomu ili bibi aione, ingawa bibi haoni vizuri.

"Mama, hapa nina vyumba viwili vya kuweka alama. Hiki kinasema yuko kitandani. Hiki kinasema amefariki. Cha mtu anayepika chai hakipo."

"Kiongeze."

"Siwezi. Nikiandika pembeni, kompyuta inaitupa."

"Wewe mwenyewe unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Basi andika umeniona."

"Ndiyo najaribu kuandika. Naomba ulale."

Bibi akamaliza kupanga chipsi kwenye sahani, moja moja, zilizokuwa zimepangika tayari. Halafu akapanda kitandani, akajivutia shuka mwenyewe mpaka kidevuni. Afisa akapiga picha kwa simu ya ofisi. Akaweka alama kwenye kile chumba cha kwanza, akagonga muhuri, akanywa glasi ya pili, akasema hajawahi kunywa chai kama ile, na nadhani alimaanisha. Mlangoni aliinama kutafuta viatu vyake muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kwa hiyo ndiyo, nilipiga kelele hapo juu na narudia, yuko hai, na pensheni haikukatwa. Nilicheza kuzunguka nyumba. Baba kule Sharjah aliwanunulia wenzake peremende.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Kila mwezi pensheni ikitoka, bibi na Chellamma huwa wanaenda benki ya ushirika kwa miguu, kilomita mbili. Wanapitia kwa muuza tambuu, wanakaa kwenye ukuta wa ule ukumbi wa harusi kusema watu, wanarudi mchana. Mwezi huu wakaenda kama kawaida. Karani akaandika jina, akatazama kompyuta, akamtazama bibi.

"Mama, wewe huwezi kutembea. Umeandikwa wa kuletewa nyumbani."

"Nimetembea mpaka hapa."

"Naona, mama. Lakini nikikupa hapa, mfumo utauliza aliyekuja ni nani."

"Na nikitaka kuja mwenyewe?"

"Unajaza fomu ya kupona."

"Niijaze vipi?"

Karani akamwonyesha kimashine chenye taa nyekundu.

Jana mleta pensheni alikuja nyumbani na pikipiki. Wanaletewa wasiojiweza, na akimkuta mtu anafagia uwanja lazima atoe taarifa. Saa yake ya kufika haijulikani, mara saa tatu, mara saa nane. Bibi alilala kitandani tangu asubuhi, blauzi ya pasi, nywele zimechanwa, anatazama dari. Chellamma alipita kumwita, akamkuta hivyo, akasimama mlangoni kidogo, akaenda kwa muuza tambuu peke yake. Mleta pensheni alifika saa tisa. Akahesabu, akaweka noti kwenye kiganja cha bibi, akamwambia, "Ugua pole, mama."

Bibi aliposikia pikipiki imetoka, akainuka, akaenda kufagia uwanja ambao mimi nilikuwa nimeshaufagia.

Una bibi au babu aliyefanya kazi ya mikono, kubangua, kusuka kamba, kuvunja mawe, yoyote, leo hii angalia kitambulisho chake kina namba ya simu ya nani. Na kama unamjua mtu anayejua mtu anayetengeneza zile fomu, mwambie aongeze chumba cha tatu. Mimi sina mtu kama huyo. Kwa hiyo naomba mtume hii kwa wengine.